Mwongozo Kamili wa Kutambua na Kulinganisha Alama za Makundi Manne katika Karata za Taroti Zenye Picha

Tazama sita ya sarafu katika taroti, yaani seti ya karata 78 za kuchezea na kupigia ramli, iliyochorwa na Pamela Colman Smith. Tajiri ameshika mizani, maskini wawili wamepiga magoti mbele yake, na vipande vidogo vya fedha vinadondoka kutoka kiganjani mwake. Ukihesabu kila kitu cha mviringo unachokiona, hutapata sita. Zinazohesabika ni zile sarafu kubwa zenye nyota, zinazoelea juu ya vichwa vyao bila kushikwa na mtu. Vile vidogo ni sadaka tu, sehemu ya hadithi ya picha.

Kosa hili hutokea mara nyingi kwa sababu karata yenye picha inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inasimulia tukio, na papo hapo inabeba hesabu: hii ni sita, tena sita ya kundi hili kati ya manne: vikombe, panga, fimbo na sarafu. Mchoraji mmoja huipa alama mkono wa kuishika, mwingine huijenga ukutani, mwingine huibadilisha kabisa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma alama yenyewe kwanza, kabla hujavutwa na hadithi iliyochorwa kuizunguka. Unamfaa anayekusanya karata, anayezichezea, na zaidi anayetaka kuchora zake.

Vitu vya kuandaa

Pata seti tatu za asili tofauti. Ya kwanza iwe ya mtindo wa Marseille, kwa mfano nakala ya ile iliyotengenezwa na Nicolas Conver, yenye mwaka 1760. Ya pili iwe ya Smith, iliyochapishwa London mwishoni mwa 1909 na William Rider & Son chini ya usimamizi wa A. E. Waite. Ya tatu iwe Thoth, iliyochorwa na Frieda Harris kwa maelekezo ya Aleister Crowley kati ya 1938 na 1943. Kama huna karata mkononi, picha za kwenye intaneti zinatosha, ilimradi uweze kuzikuza bila kufifia. Picha ndogo za simu zitakudanganya hasa kwenye panga, maana mistari yake hushikana.

Andaa pia meza yenye upana wa sentimita 90 kwa 60, daftari la mistari, kalamu ya risasi na lenzi ya kukuzia.

Hatua ya 1: Chambua mpaka zibaki 40

Seti kamili ina karata 78. Toa turufu 22, zile zenye majina kama Kaisari, Mwezi, Jua na Kifo, pamoja na Mpumbavu ambaye mara nyingi hana namba au ana sifuri. Zitabaki 56, yaani makundi manne ya karata 14. Kila kundi lina wakuu wanne. Kwa kawaida ni kijana, mpanda farasi, malkia na mfalme. Watoe wote 16. Sasa una karata 40 za namba, kuanzia ree, yaani karata ya moja, hadi kumi.

Kwenye Thoth uwe mwangalifu: hakuna mfalme wala kijana. Wakuu wake ni mpanda farasi, malkia, mwanamfalme na binti mfalme. Ukisubiri kumwona mfalme utadhani seti ina upungufu.

Zipange safu nne, kila safu karata kumi, ree kushoto. Karata nyingi za taroti zina upana wa milimita 70 na urefu wa 120, hivyo karata kumi zitachukua sentimita 70 na nafasi kidogo za katikati. Usizirundike wala kuzilaza moja juu ya nyingine. Faida ya kuzitandaza ni kwamba jicho litaona mara moja karata iliyoingia safu isiyo yake.

Hatua ya 2: Taja makundi kwa majina unayoyajua tayari

Aliyecheza karata pwani anayo majina ya makundi ya taroti mdomoni, ingawa huenda hajui. Kopa, shupaza, pau na uru vilikuja na Wareno, na kwa Kireno maana yake ni vikombe, panga, magongo na dhahabu. Karata za kawaida tunazochezea leo zimechorwa kwa alama za Kifaransa, ndiyo maana kopa lina umbo la moyo. Kwenye taroti kopa ni kikombe kweli, shupaza ni upanga kweli, pau ni fimbo, na uru ni sarafu.

Ulinganifu huu una matumizi. Ufaransa bado watu wanacheza mchezo wa taroti kwa seti ya karata 78 zenye mioyo na alama nyingine za Kifaransa. Ukikutana nayo huhitaji kujifunza upya. Weka kopa mahali pa vikombe, shupaza mahali pa panga, na uendelee.

Mizizi ya alama hizi ni ya zamani kuliko taroti. Karata ziliingia Ulaya katika miaka ya 1370 zikitoka nchi za Kiislamu, na seti ya Wamamluki wa Misri iliyohifadhiwa katika jumba la Topkapı, Istanbul, ina vikombe, sarafu, panga zilizopinda, na fimbo za kuchezea polo. Wazungu wa wakati huo hawakuujua mchezo wa polo, basi fimbo hizo zikageuka kuwa magongo ya kawaida. Taroti yenyewe ilizaliwa kaskazini mwa Italia karibu mwaka 1440 kwa ajili ya kucheza. Ilitumiwa kwa michezo zaidi ya karne tatu kabla mpiga ramli Etteilla wa Paris hajatoa, mwaka 1789, seti iliyobuniwa mahususi kwa kupiga ramli.

Hatua ya 3: Amua ni mtindo gani

Chukua tano ya kila kundi, karata nne tu. Jiulize swali moja: je, kuna tukio linaloendelea humo ndani?

Kama unaona alama tano zimepangwa kwa ulinganifu pamoja na maua na majani, huo ni mtindo wa mapambo, wa Marseille na jamaa zake. Kama unaona watu wanagombana, wanalia au wanatembea kwenye theluji, huo ni mtindo wa tukio, wa Smith na wote waliomfuata. Kama hakuna mtu lakini mpangilio, rangi na mwendo wa mistari vinaleta hali fulani, uko katikati, na Thoth ndiyo mfano wake mkubwa.

Tunasema tano kwa sababu ree hazisaidii hapa. Karibu kila mtindo huchora ree kama alama moja kubwa, mara nyingi ikishikwa na mkono unaotokea wingu. Hata Smith aliyejaza watu katika karata zake hakuweka mtu kwenye ree. Aliweka mkono tu. Ukitoa ree nne, tatu ya panga na nane ya fimbo, karata zake nyingine zote 34 zina mtu, hata kama ni sanamu yake juu ya kaburi.

Hatua ya 4: Tenganisha panga na fimbo katika mtindo wa Marseille

Hapa ndipo wengi hukwama, na si ujinga. Katika seti hizi panga hazifanani na panga, fimbo hazifanani na fimbo; zote ni mistari mirefu iliyosukwa. Rangi nazo si za kutegemea, kwa sababu zamani zilipakwa kwa vibao vilivyotobolewa na kila karakana ilikuwa na mazoea yake.

Tazama mkunjo. Fimbo zimenyooka na zinakatana katikati ya karata kama herufi X, hivyo katikati pamejaa. Panga zimepinda kama upinde, zinakatana juu na chini, na katikati zinaacha nafasi ya umbo la yai. Nafasi hiyo ndiyo ithibati yako. Kwenye mbili, nne, sita na nane ya panga utakuta ua ndani yake. Kwenye tatu, tano, saba na tisa utakuta upanga mmoja ulionyooka, na huo ndio pekee wenye sura ya upanga halisi.

Sasa hesabu. Usifuate mstari mmoja mmoja kwa kidole, utapotea kwenye msuko. Hesabu upande wa kushoto peke yake, zidisha kwa mbili, kisha ongeza ulichokikuta katikati. Nane ya panga ina nne kushoto na nne kulia, katikati ua. Tisa ni nne, nne na mmoja ulionyooka. Kumi ni nne, nne na mbili zilizoingia ndani ya yai. Fimbo zinafuata kanuni ileile ukihesabu ncha za kona ya juu kushoto: saba ni tatu, tatu na moja ya wima.

Thibitisha kwa namba ya Kirumi pembeni, lakini jua mambo mawili. Nne huandikwa IIII na tisa VIIII, kwa hiyo ukitafuta IV au IX hutaziona. Na kundi la sarafu kwa kawaida halina namba kabisa, pengine kwa sababu sarafu huhesabika kwa jicho bila shida. Mbili ya sarafu ina utepe uliopinda kama herufi S ukizizunguka, na juu ya utepe huo mtengenezaji aliandika jina lake na mwaka. Hapo ndipo pa kuangalia kwanza unapotaka kujua nakala yako imetokana na seti ipi.

Kumi ya vikombe ina mtego wake mdogo: vikombe tisa vimesimama safu tatu, na cha kumi, kikubwa kuliko vingine, kimelazwa ubavu juu yao. Mgeni hukichukua kuwa pambo na kuhesabu tisa.

Seti za Kihispania hazina tatizo hili la msuko. Panga zake ni fupi na zimenyooka, zimetengana, na fimbo ni marungu yenye mafundo na matawi yaliyokatwa. Ukiona rungu, uko nje ya njia ya Marseille.

Hatua ya 5: Hesabu alama ndani ya tukio

Kwenye karata za Smith, namba ya Kirumi iko juu, safari hii IV na IX za kawaida. Jina la kundi halipo. Mbili hadi kumi hazina neno lolote, kwa hiyo ukikosea kuitambua alama hakuna maandishi ya kukuokoa. Fanya hivi: soma namba, kisha tafuta kitu kinachorudiwa mara hiyo hasa, chenye umbo lilelile. Kitu kinachofanana nacho lakini hakikamilishi hesabu si alama.

Mitego tunayoiona ikiwanasa watu mara kwa mara ni hii. Katika sita ya panga, mwendesha mtumbwi ana upondo mrefu. Huo si fimbo, na panga sita zimesimama mbele ya abiria. Katika saba ya sarafu, mkulima ameegemea mpini. Usiuhesabu, tazama sarafu sita kwenye kichaka na ya saba karibu na miguu yake. Katika mbili ya vikombe, kati ya mwanamume na mwanamke kuna fimbo yenye nyoka wawili na kichwa cha simba chenye mabawa; ni nembo ya Hermes, haihusiani na kundi la fimbo.

Nne ya panga huwapa watu taabu ya aina nyingine. Tatu zinaning'inia ukutani zikielekeza ncha chini kwa shujaa aliyelala. Ya nne imelala ubavuni mwa kaburi, sambamba naye, na kwenye nakala iliyochapwa kwa rangi nzito huzama kabisa. Tano ya vikombe nayo: vitatu vimemwagika mbele ya mtu mwenye joho jeusi, viwili vimesimama nyuma yake, na kwa sababu yeye hatazami huko, nasi hatutazami. Smith alikuwa na ustadi mkubwa wa kuelekeza macho yetu kwa macho ya watu wake. Ukiwa unahesabu, usimfuate mtu anakotazama. Pitia karata kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia.

Jambo moja zaidi: usikubali maelezo ya kitabu bila kuyapima kwa picha. Waite aliandika kwamba vijito vinne vinamwagika kutoka ree ya vikombe. Hesabu kwenye mchoro, viko vitano.

Hatua ya 6: Andika alama inakaa wapi

Kuhesabu kukishakamilika, kazi yenyewe inaanza. Kwa kila karata andika neno moja linaloeleza makao ya alama: imeshikwa, imesimikwa, imewekwa, imejengwa, imechoma, au inaelea. Maneno haya sita yanatosha karibu seti zote zenye matukio, na ukiyaandika kwa safu nne utaona jambo ambalo kutazama karata moja moja hakulionyeshi: kila kundi lina tabia yake.

Fimbo za Smith zina uhai. Zina machipukizi ya majani, na nyingi zimeshikwa mkononi au zimesimikwa ardhini: nne zimesimama na shada la maua juu yake, kwenye tisa, nane zimekuwa kama ua wa boma nyuma ya mlinzi aliyefungwa bandeji kichwani, na ya tisa ameishika. Kwenye mbili, moja iko mkononi na nyingine imefungwa ukutani kwa pete. Nane ndiyo pekee zinazopaa angani, bila mtu.

Vikombe mara nyingi vimewekwa mahali, kama vyombo vya nyumbani. Kwenye nane vimepangwa vitano chini na vitatu juu, na pengo linaonekana wazi kwenye safu ya juu. Tisa vimepangwa juu ya meza yenye kitambaa nyuma ya mtu aliyekunja mikono. Kwenye saba vinaelea ndani ya wingu, kila kimoja na kilichomo: kichwa, nyoka, ngome, vito, shada, joka, na mtu aliyefunikwa shuka. Kwenye sita vimejaa maua.

Panga ndilo kundi pekee ambalo alama huchoma mwili. Tatu zimechoma moyo, kumi zimesimama mgongoni mwa mtu aliyelala kifudifudi. Nane zimemzunguka mwanamke aliyefungwa, zimesimikwa ardhini. Tisa zimekaa ukutani gizani juu ya kitanda, zote za mlalo, na hapo huwezi kusema kama zimetundikwa kweli au ni mawazo ya huyo aliyeamka usiku.

Sarafu ndizo zenye makao mengi kuliko zote, na kwa maoni yetu ndipo ubunifu wa Smith unapoonekana zaidi. Kwanza si sarafu za kulipia tena. Ni maduara yenye nyota ya ncha tano, maana yeye na Waite walikuwa wamepitia Golden Dawn, chama kilichoanzishwa London mwaka 1888, ambako alama hii ilichukuliwa kuwa kifaa cha ibada kinachowakilisha ardhi. Kisha tazama zinavyokaa. Kwenye mbili, kijana anazirusha zikiwa zimezungushiwa kamba yenye umbo la nane iliyolala. Kwenye tatu zimechongwa kwenye jiwe la tao la kanisa, na hazina rangi ya dhahabu hata kidogo. Anayetafuta duara la njano huikosa karata nzima. Kwenye nne, moja iko juu ya taji, moja imekumbatiwa, mbili zimekanyagwa. Kwenye tano zimekuwa vioo vya dirisha linalowaka, huku maskini wakipita nje kwenye theluji. Kwenye nane ni kazi ya fundi mwenye patasi. Na kwenye kumi hazimo katika tukio kabisa: zimetandazwa juu ya mzee, mbwa na familia kwa mpangilio wa Mti wa Uzima wa Kabbala, elimu ya siri ya Kiyahudi, kana kwamba zimegongwa muhuri juu ya picha iliyokwisha kuchorwa.

Harris kwenye Thoth alifanya kinyume. Hakuweka mtu, bali alibadilisha umbo la alama kutoka karata hadi karata ndani ya kundi lilelile. Mbili ya fimbo ni dorje mbili, yaani vifaa vya ibada vya Kitibeti, zilizopishana, nane ni miali ya umeme. Mbili ya sarafu ni nyoka mwenye taji anayejiuma mkia. Ukitafuta fimbo inayofanana na fimbo utachoka. Kwenye seti hii soma jina lililoandikwa chini na alama za sayari na nyota. Karata za mbili hadi kumi ni 36, na kila moja imepewa sayari yake na nyota yake.

Hatua ya 7: Usitambue kundi kwa mkao wa mtu

Seti ya kale zaidi tuliyonayo yenye picha kwenye karata za namba zote ni Sola Busca, ya Italia, karibu mwaka 1491. Leo iko katika jumba la Brera, Milan. Picha zake zilifika British Museum mwaka 1907, miaka miwili kabla Smith hajamaliza kazi yake, na ushahidi kwamba aliziona uko kwenye karata zenyewe. Tatu ya panga ya Sola Busca ni moyo uliochomwa na panga tatu, na kwa Smith ni vivyo hivyo.

Lakini weka kumi ya panga ya Sola Busca kando ya kumi ya fimbo ya Smith. Ni mtu yuleyule aliyeinama akikumbatia mzigo mrefu, uso umezama ndani yake. Kwa Mtaliano mzigo ni panga, kwa Smith ni fimbo. Mkao umehama kundi. Wachoraji wa baadaye wamefanya hivyo pia, wengine kwa makusudi na wengine kwa kukopa bila kuangalia. Ndiyo sababu mtu anayesema «huyu amebeba mzigo, basi ni kumi ya fimbo» atakosea siku atakayokutana na seti asiyoizoea. Tazama kilichobebwa, halafu mbebaji.

Hatua ya 8: Seti mpya zilizobadilisha alama

Wachoraji wa leo hubadilisha panga kuwa manyoya, fimbo kuwa mishumaa, sarafu kuwa majani au mawe. Njia ya kuzitambua ni kuanzia kwenye ree nne, maana humo mchoraji hujitambulisha: alama moja, kubwa, bila mpinzani. Kisha tafuta kitu cha asili kilichoambatana nayo. Kwa desturi ya Golden Dawn fimbo ni moto, vikombe maji, panga hewa na sarafu ardhi. Nyoya lililoko juu ya mawingu ni panga. Mshumaa ni fimbo.

Tahadhari: wapo waliobadilishana moto na hewa kati ya fimbo na panga. Ukiona kisu kilichozungukwa na ndimi za moto usiamue mara moja. Linganisha tatu na kumi za kundi hilo na za Smith. Kama tatu ina moyo au majonzi na kumi ina anguko, bado ni panga, hata kama moto umehamia huko. Pakiwa na utata uliobaki, kijitabu kinachokuja na seti ndicho mwamuzi.

Hatua ya 9: Daftari la kulinganisha

Chora jedwali lenye mistari 40 na safu tano: namba na kundi, umbo la alama, makao yake, ukitumia yale maneno sita, idadi iliyo wazi na iliyojificha, na vitu vinavyofanana nayo lakini havihesabiki. Nne ya panga ya Smith, kwa mfano, itasomeka hivi: upanga ulionyooka, imewekwa, tatu wazi, moja imejificha, hakuna cha kudanganya. Sita ya sarafu: duara lenye nyota, inaelea, sita wazi, vipande vya sadaka.

Jaza seti moja nzima kabla hujaanza nyingine. Ukiruka kutoka seti hadi seti, macho hubeba mazoea ya ile ya kwanza na kuona kisichokuwepo. Usiandike safu ya rangi kama jambo la kudumu, kwa sababu matoleo tofauti ya mchoro mmoja hupakwa rangi tofauti. Ukitaka kuandika rangi, andika na toleo.

Hatua ya 10: Ukichora zako

Anza na karata nne za kumi, usianze na ree. Ree haitakushinda, kumi ndiyo itakayokuonyesha kama alama yako inavumilia kurudiwa. Ikiwa ina mapambo mengi, kumi zake zitageuka doa.

Kwa karata ya milimita 70 kwa 120, ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, yaani ukurasa wa 76 kwa 126. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli 898 kwa 1488. Ndani ya karata acha tena milimita 4 bila alama yoyote, kwa sababu kisu cha mashine huyumba, na upanga uliokatwa mpini hubadilisha hesabu machoni pa msomaji. Sarafu isipungue kipenyo cha milimita 9. Upanga au fimbo isipungue upana wa milimita 2, na kati ya mbili zilizo sambamba acha nafasi isiyo chini ya upana huohuo, la sivyo wino utaziunganisha.

Amua mapema kama alama zako zitakuwa ndani ya tukio au juu yake. Unaweza kuchanganya kama Smith, lakini alama inayoelea ipe ukingo mzito kidogo, ili isichukuliwe kuwa jua au tunda. Ukichora kitu kinachofanana na alama bila kuwa alama, kipunguze hadi chini ya theluthi moja ya ukubwa wake. Kanuni hii ndiyo inayoiokoa sita ya sarafu ya Smith: vipande vya sadaka ni vidogo mno kushindana na maduara.

Kuhusu kukopa: Smith alifariki mwaka 1951, na michoro yake ya 1909 ikatoka kwenye hakimiliki Uingereza na katika Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2022. Hilo halihusu matoleo yaliyopakwa rangi upya baadaye, ambayo wachapishaji wake wanaweza kuyadai. Fanyia kazi nakala za matoleo ya zamani. Thoth ilichapishwa kama seti ya karata mwaka 1969, na Harris alifariki 1962, kwa hiyo usiiguse bila ruhusa.

Kabla ya kupeleka kiwandani, chapa zote 40 kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa ukubwa halisi, kwenye karatasi ya kawaida. Funika namba kwa kipande cha karatasi. Mpe mtu ambaye hajawahi kuiona kazi yako, umwombe ataje kundi na idadi ya kila moja, huku ukimpa sekunde tano tu kwa karata. Zile anazokosea ziweke pembeni bila kumweleza kitu, kisha mpe mtu wa pili. Karata iliyowashinda wote wawili irudi mezani ikachorwe upya.